Mkono wa Kushoto Haushiki Kitu

Manaus, 11 Machi 1996

Mdogo wangu Jaciel,

Mama anakusalimu. Anauliza kama huko Rio unapata samaki au wanakushindilia maharage tu. Nimemwambia unakula vizuri. Sasa mimi niambie ukweli.

Sisi tupo. Ukumbi wa Baba wa jiu-jitsu bado uko palepale juu ya duka la mikate la Seu Abílio, asubuhi unanuka chachu, jioni jasho. Watu ndio wanapungua. Tangu tumzike Baba hawaishi kuja mmojammoja, kimono imekunjwa kwapani, wananishika mkono kwa heshima zote, wananiita mwalimu, halafu nasikia wako kwenye ukumbi wa Orlean kule Compensa. Siwalaumu. Mkanda wangu ni wa kahawia kama wako, na mkanda wa kahawia haumpandishi mtu daraja. Juzi Ademir, yule muuza barafu, kaniuliza mbele ya wenzake, "Dada Zu, kwa hiyo mimi nitazikwa na huu wa bluu?" Nikamjibu, "Subiri Jaciel arudi na mweusi." Akasema, "Jaciel akirudi, mimi nitakuwa nimeshaoza." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Mwalimu wako Heraldo alishasema wazi kwamba mwanamke hampi mkanda mweusi. Basi ni wewe. Nakukumbusha tu, maana nakujua ulivyo.

Na sasa nikugombeze. Nilton, yule mwanafunzi wa Heraldo anayekuja huku kwa kazi za bandarini, alipanda hapa akafanya mazoezi na sisi. Kanambia, "Ndugu yako ana miguu kama chatu, lakini kabali yake haimmalizi mtu. Mkono wa kushoto unaachia kola." Niliona aibu kama vile ni mimi. Jaciel, Baba alitufundisha nini? Umelala chali, umemfunga mtu kiunoni kwa miguu, hiyo ndiyo gadi yako. Mkono wa kulia unazama ndani ya kola mpaka kidole gumba kiguse kisogo chake. Wa kushoto unafuata juu yake. Akikuinamia, umemnyonga. Akijinyoosha kuikimbia kabali, unampindua, unakuwa juu yake, na kola bado unayo. Hana pa kwenda. Sasa mtu mwenye mikono miwili anaachiaje? Chukua taulo, lifunge dirishani, livute mpaka vidole vilie.

Dada yako,
Zuleide


Rio, 2 Aprili 1996

Dada Zu,

Salamu zimefika na matusi yamefika.

Mwambie Mama nakula. Maharage, ndiyo, lakini mengi. Nalala ukumbini juu ya magodoro ya mazoezi pamoja na mtu wa Sergipe anayeitwa Genivaldo. Wote wanamwita Tatu, kwa sababu ukimkalia anajikunja kama yule mnyama wa magamba wa jina hilo na humpati tena. Mimi wananiita Piranha, yule samaki wetu wa meno. Mmoja kaniuliza, "Huko kwenu Manaus mnapanda mtini kulala, au mna vitanda?" Nikamwambia tuna vitanda, ila mamba ndio wanaolala kwanza, sisi tunasubiri waamke. Aliniamini, yule ndugu. Alikwenda kuwahadithia wengine.

Kuhusu mkono, Nilton hakusema uongo. Ni uvivu. Hapa hawaizunguki gadi yako, wanaikunja. Mtu anakushika miguu, anaipeleka juu ya kichwa chako, anakulalia mpaka magoti yaguse masikio, unabaki unatazama kitovu chako kama mtu aliyedondosha kitu ndani yake. Kutwa nzima ni hivyo. Jioni mkono wa kushoto umechoka. Jana nimedondosha kikombe cha kahawa mbele ya mke wa Mwalimu Heraldo, kikamwagikia paka. Paka ndiye aliyeniombea msamaha, maana mimi nilishindwa kusema kwa kicheko.

Lakini nimepata kitu, na nakuambia wewe kabla ya mtu mwingine. Nimeacha kuutumia huo mkono. Wa kulia unashika kola mapema, kizembe, kama mtu aliyeusahau mkono wake pale. Jamaa akiinama kukusukuma, unageuza ngumi, kola inamzunguka shingo yenyewe. Wa kushoto haushiki kitu. Unapita tu nyuma ya kichwa chake, kama unavyomkumbatia mjomba msibani. Hawa wa Rio wamezoea kuuchunga mkono wa pili. Wanausubiri uje ushike. Hauji. Wakimaliza kuusubiri, wameshalala usingizi.

Jaribu uniambie.

Mdogo wako,
Jaciel


Manaus, 9 Mei 1996

Jaciel, wewe ni shetani!

Nimeijaribu kwa Ademir. Unamjua alivyo, shingo kama kisiki, barafu anabeba begani bila gunia. Nilimwachia anisukume. Nikageuza ngumi, nikapitisha mkono wa kushoto kama ulivyosema, nikasikia mtu anakoroma. Nilidhani ananitania! Ilibidi tumwinue miguu. Alipozinduka akauliza, "Nani kazima taa?"

Sasa hawataki kitu kingine. Kila jioni, "Dada Zu, ile ya Jaciel." Suely, yule binti wa kiwanda cha redio, kaishika haraka kuliko wanaume wote. Na jambo ambalo sijaliona tangu Baba aondoke: wawili wamerudi kutoka kwa Orlean. Wamerudi, Jaciel! Mmoja alisimama mlangoni kama mume aliyelala nje, hajui aingie au aombe radhi kwanza. Nikamtupia kitambaa nikamwambia afute godoro.

Lakini kuna mahali nakwama. Mtu akishtuka akarudisha kiuno nyuma, kabali inalegea. Hapo unafanyaje? Niandikie yote, mwanzo mpaka mwisho, kama ninavyokuandikia mimi.

Mto umepanda, chini kule São Raimundo wameshaanza kutembea juu ya mbao. Mama kakuwekea unga wa muhogo wa Uarini, ule wa punje kubwa, atampa Nilton akuletee.

Mwalimu Heraldo alikuahidi kwamba ukishinda mashindano ya mkoa mwezi wa Agosti anakufunga mweusi. Nimewaambia watu. Usikasirike. Walihitaji kusikia kitu.

Zuleide


Rio, 4 Juni 1996

Dada Zu,

Unga umefika, Tatu kaula mkavu kwa kiganja, kasema ni kama kutafuna changarawe za mbinguni.

Ungewaambia baadaye kidogo hao watu. Lakini basi, umeshasema.

Hivi ndivyo inavyokwenda. Usiifunge miguu. Kaa, mguu mmoja uwe katikati ya mapaja yake, unyayo umemgusa kwa ndani. Shika kola. Akikujia, lala naye chini, geuza ngumi, pitisha mkono. Hapo ana njia mbili. Akirudi nyuma kuikimbia kabali, uzito wake umeshakwenda, basi mwinue kwa ule mguu, mbiringishe kupitia bega lako, utajikuta uko juu na kola bado mkononi. Akikataa kupinduliwa akakulemea, anajinyonga kwa uzito wake mwenyewe. Akiivuka kabali anaangukia kwenye kupinduliwa, akiukwepa mpinduko anarudi kwenye kabali. Unaweza kuzungusha hivyo mpaka achoke.

Ila kuna pale katikati, kabla hajaamua. Pale yeye yuko juu yako, na wewe umesimamia kisogo na bega. Uzito wote uko shingoni. Usisukume. Ukisukuma anajua. Vumilia, mwache aamue.

Sitaweza kuja sikukuu ya São João. Mwambie Mama ni mazoezi. Mwalimu Heraldo sasa ananiita mbele ya darasa nimwonyeshe yeye mwenyewe mkono wa kushoto unapita wapi. Tatu amejifanya mtumishi wangu, ananifunga mkanda na vifungo vya shati, eti bingwa hajifungi. Tunacheka sana hapa.

Jaciel


Manaus, 15 Julai 1996

Jaciel,

Nilikuwa nimeanza barua nyingine, ya furaha. Nimeichana.

Nilton kapita jana. Sikumuuliza, alisema mwenyewe, tena kwa shida, anageuza kofia mikononi. Kasema amekuona ukishuka ngazi za ukumbi umeshika ukuta, unarusha miguu kama mtu anayetembea ndani ya matope. Saa tatu asubuhi. Kasema mmoja wa wanafunzi alicheka akasema, "Piranha leo kaamkia chupa." Na wewe ukacheka naye.

Sasa naelewa kikombe. Naelewa kwa nini mtu afungwe vifungo vya shati. Nilisoma vile vichekesho vyako nikacheka kama mjinga, nikamsomea na Mama.

Baba alikunywa pombe ya cachaça kipindi kile tulipokuwa wadogo, unakumbuka, na unakumbuka ilivyomgharimu kuiacha. Ulikuwa umejificha na mimi chini ya meza. Leo mimi nakaa hapa nawaambia watu wazima, wenye watoto, "Subirini, Jaciel anakuja," kumbe Jaciel anapepesuka kwenye ngazi za watu.

Sijamwambia Mama. Sitamwambia. Lakini usituaibishe. Kama huwezi kwa ajili yangu, jikaze kwa ajili ya yule mzee aliyelala kule makaburini São João Batista. Ni mwezi mmoja tu umebaki. Kaa wima.

Zuleide


Rio, 1 Agosti 1996

Dada Zu,

Umesema kweli. Nilikuwa nakunywa.

Si sana, lakini nilikuwa nakunywa. Upweke, baridi ya huku, mambo ya kijinga. Nimeacha. Tatu ni shahidi. Usimwambie Mama, na usimlaumu Nilton, amesema alichokiona.

Uniwie radhi kwa mwandiko, naandikia gotini.

Mashindano ni tarehe kumi na nane. Waambie kina Ademir wasubiri kidogo.

Mdogo wako,
Jaciel


Manaus, 30 Agosti 1996

Jaciel,

Tarehe kumi na nane imepita. Sijui nikupongeze au nikupe pole.

Seu Abílio anasema simu ya dukani ililia siku moja, akapokea, ikakatika. Ulikuwa wewe? Mama kakaa pale kwenye mifuko ya ngano mchana kutwa akiisubiri ilie tena.

Kama umeshindwa, umeshindwa. Utarudia mwakani. Nilikuandikia kwa ukali, najua. Lakini uliposema umeacha nilikuamini siku ileile, na nimeendelea kukuamini. Kama umerudia chupa kwa sababu ya kushindwa, hilo nalo niambie, nitakasirika kisha litapita. Kunyamaza ndiko kusikopita.

Suely kashinda mashindano ya hapa mjini. Kwa ile yako. Wote wawili aliokutana nao walilala. Ukumbi mzima ulipiga kelele jina lako, na wewe hupo.

Andika hata mstari mmoja.

Zuleide


Rio, 6 Septemba 1996

Dada Zuleide,

Hunijui, mimi ni Genivaldo, Tatu, ninayelala na Jaciel ukumbini. Barua yako nimeifungua mimi. Nisamehe. Yeye hawezi kufungua.

Nilidhani mnajua. Mwalimu Heraldo alisema atawapigia simu. Jaciel mwenyewe aliniambia, "Kwetu wameshaambiwa." Nilipoisoma barua yako ndipo nikajua hakuna aliyesema kitu. Basi nasema mimi, ingawa si mtu wa kalamu.

Dada, Jaciel hakuwa mlevi. Hanywi hata bia, tunamtania kwa hilo. Ilikuwa shingo. Mwezi wa Februari mkono wa kushoto ulianza kufa ganzi, vidole havikamati. Nilimpeleka hospitali mimi. Daktari alimwonyesha picha, pingili za shingo zimesogea, zinakandamiza uti wa mgongo. Alimwambia, "Kijana, acha leo. Ukiendelea, miguu itafuata." Tulipotoka nje alinishika shati akaniapisha nisimwambie mtu. Alisema, "Dada yangu ana ukumbi unaokufa. Nikisema, umekufa leo." Ndipo akaanza kutafuta namna ya kupigana bila mkono. Ile mnayoiita ya Jaciel ni hiyo. Mkono wa kushoto haushiki kitu kwa sababu haukuwa na uwezo wa kushika kitu.

Mwezi wa Juni miguu ikaanza kukwama. Watu wakasema pombe. Yeye akasema, "Waache, pombe ni afadhali."

Siku ya mashindano aliwapindua watatu, Dada. Watatu. Watu walisimama juu ya viti. Kwenye fainali alipewa mtu mkubwa wa Copacabana aliyekuwa ameshamwangalia asubuhi nzima. Jaciel akashika kola, akalala naye chini, akageuza ngumi, akapitisha ule mkono. Yule mtu hakurudi nyuma. Wala hakumlemea mpaka mwisho. Alikaa palepale katikati, juu ya shingo yake, hakuamua. Na Jaciel alikuwa anamsubiri aamue. Mimi nilikuwa ukingoni napiga kelele, "Achia! Achia!" Hakuachia. Kisha nikaona mkono wa kulia umefunguka wenyewe.

Mwamuzi alidhani Jaciel amezimia. Alikuwa macho kabisa. Aliniambia, "Tatu, niondolee huyu mtu miguuni." Hakukuwa na mtu miguuni, Dada. Yule wa Copacabana alikuwa ameshainuliwa mkono wa ushindi.

Anaongea. Anakula nikimlisha. Kutoka shingoni kwenda chini hakuna.

Njoo kama unaweza.

Genivaldo


Manaus, 20 Novemba 1996

Jaciel,

Nimefika salama. Nakuandikia yale ambayo nilishindwa kuyasema nikiwa nimekaa karibu yako, maana kila nilipofungua mdomo ulinitania.

Nilipoingia wodini maneno yako ya kwanza yalikuwa, "Dada, umenenepa." Nilikuwa nimesafiri siku nzima nikipanga nitakavyokuomba msamaha, ukayafuta yote kwa maneno mawili. Ndivyo ulivyo. Unamgeuza mtu kabla hajajua amekaa vipi. Lakini msamaha sikuuomba, na bado ninao hapa kooni.

Uliniachia nikuite mlevi. Ungesema neno moja tu. Ningekupakia kwenye ndege, ningelifunga lile jumba kwa misumari, Seu Abílio ahifadhi ngano yake. Uliamini kweli kwamba ningechagua ukumbi? Naliuliza hilo kila siku nikifagia, kisha naikumbuka barua yangu ya Machi, na ya Mei, na ya Julai, naendelea kufagia. Ulikuwa na sababu ya kuamini.

Mkanda nimeuleta. Siku ile Mwalimu Heraldo alipokuja na wanafunzi wake na mpiga picha, akakufunga mweusi juu ya shuka, akasema, "Umeustahili, mwanangu," niliona ulivyofumba macho. Wao walidhani ni furaha. Mama kaukataa. Kasema kitu hicho hakilali ndani ya nyumba yake. Nimeutundika ukumbini chini ya picha ya Baba. Ademir kavua kofia mbele yake. Hakuna aliyeniuliza habari za kupandishwa daraja. Ni mkanda mweusi wa mtu ambaye hawezi kumfunga mwenzie mkanda.

Daktari wa huku kasema nyumba yetu na hizi ngazi zake haikufai, na kwamba hapa hakuna mahali pa kukuhudumia kama hapo hospitalini kwa masista. Mama kakaa barazani tangu nilipomwambia. Hakulia. Kaniambia tu, "Basi nimezaa mtoto nikampa Rio."

Zuleide


Rio, 8 Januari 1997

Dada Zu,

Anayesema ni mimi, anayeandika ni Tatu. Pakiwa na makosa, ni yake. (Si kweli, Dada. — T.)

Usiombe msamaha. Nimekataa kuupokea, na siwezi kuushika hata ukiutuma. Unaona? Tatu hacheki. Masista nao hawacheki. Nimekuwa msanii asiye na watazamaji.

Nimechoka, Zu. Nilidhani mtu anazoea. Asubuhi ananigeuza sista Benvinda, mchana Tatu akitoka mazoezini, jioni tena. Wanigeuze ubavu huu, wanigeuze ubavu ule. Tatu anasema mgongo unaanza kuoza pale chini. Mimi siusikii. Ndilo jambo moja zuri la hali hii na ndilo baya kuliko yote.

Sikuchagua ukumbi badala yako. Nakuambia hili mara moja tu. Nilipolala chali na ule mkono uliokufa, nikawaona hawa wa Rio wanausubiri, na hauji, nilijiona mwerevu kuliko watu wote duniani. Baba hakuwahi kufanya vile. Nilitaka siku moja zaidi ya kujiona hivyo, na baada yake nyingine. Ningeacha kwa ajili yako. Kwa ajili ya hilo la kujiona mwerevu, sikuacha.

Sasa nakuomba kitu. Acha kuifundisha. Ile sehemu ya katikati, pale kwenye kisogo, nilikuandikia "vumilia". Nilikuandikia kwa mkono wangu, wakati nilikuwa nimeshaambiwa. Wewe ukawafundisha kina Suely kuvumilia. Mtu mwenye shingo nzima atavumilia mwaka, labda miaka. Halafu siku moja atakutana na mtu asiyeamua.

Waambie iishe. Sema Jaciel kasema.

Jaciel
(kwa mkono wa Tatu)


Manaus, 22 Aprili 1997

Jaciel,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nilifanye, ndipo nikuandikie kwamba nimelifanya.

Niliwakusanya siku ileile barua ilipofika. Niliwasomea, isipokuwa ile ya mgongo. Suely alilia. Ademir akasema, "Kasema iishe, basi imeisha." Wote wakaitikia. Wakanisikiliza kama tunavyomsikiliza padri siku ya Ijumaa Kuu, kwa moyo wote, na wakatoka nje.

Jumatatu nikaanza tena na kabali ya Baba, ya mikono miwili. Baada ya wiki mbili nilikuwa na watu wachache kuliko vidole. Sikugombana na mtu. Suely ndiye aliyeniambia ukweli, alikuja nyumbani na keki ya muhogo, kakaa jikoni na Mama, kisha akasema, "Dada Zu, nina mashindano Belém. Bila ile, mimi ni mfanyakazi wa kiwandani tu." Nilimwambia yaliyokupata wewe yatampata. Akasema, "Najua." Jaciel, hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayejibu saa ngapi. Wameenda wote kwa Orlean. Kule wanaiita kabali ya Rio. Kuna mtu aliyetoka huko kwenu anasema ni Mwalimu Heraldo aliyeibuni, na ameonyesha hivyo kwenye kanda ya video. Ademir alitaka kumpiga. Nilimzuia, kwani nilikuwa nalinda nini?

Ukumbi nimeufunga. Seu Abílio ameshapandisha mifuko ya kwanza. Picha ya Baba na mkanda viko kwa Ademir, kwenye kibanda chake cha barafu, maana Mama bado hataki.

Juzi alasiri nasikia hodi. Orlean. Mwenyewe, hajawahi kukanyaga mtaa huu tangu alipofarakana na Baba. Amezeeka. Alikataa kiti. Akasema, "Zuleide, sikuja kwa ubaya. Vijana wangu wanaifanya ile ya ndugu yako na hawajui. Wanajirundika wima juu ya kichwa kama nguzo. Jana mmoja kalia, kasema umeme umeshuka mkononi. Nimewakataza. Wanaifanya nikigeuka. Nimewakataza tena, wanakwenda kuifanya ufukweni. Mimi mwenyewe siijui vizuri. Bega linakaa wapi?"

Nikamwambia, "Ndugu yangu kasema iishe."

Akasema, "Nimesikia. Na mimi ningesema hivyohivyo."

Nilijua nikimwonyesha, itafundishwa sawasawa, kwa miaka, kwa watu wengi, na kwa jina la mwingine. Nikinyamaza, wale vijana watavunjika mwezi huu. Nilimuuliza yule aliyelia ana umri gani. Akasema ameoa mwaka jana, mkewe ana mimba.

Mama alikuwa kwenye mlango wa jikoni amesikia yote. Akaondoa meza. Akaivuta mwenyewe mpaka ukutani, akarudi jikoni bila kututazama.

Nikamwambia Orlean avue viatu. Nikalala chali pale sebuleni, nikamshika kola, nikamwonyesha bega linakaa wapi.

Dada yako,
Zuleide